Taa Zilizozimika Kila Nilipoketi

Waliokuwepo siku ile uani kwangu ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba. Binti yangu wa tatu, ambaye ndiye dereva. Mumewe, mkwe wangu, fundi umeme wa magari pale mjini Sumbawanga. Mwanangu wa kwanza, mwalimu, ambaye tangu baba yake afariki anajiona ndiye baba wa ukoo mzima. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke ambaye hajawahi kufika kwangu akakosa la kusema. Na mwanamume mmoja mnene wa Msanzi, ambaye hana undugu na yeyote kati yetu. Huyo aliletwa na mwanangu kuja kutazama gari langu ili alinunue.

Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya nyumbani, na ya baba wa kila mmoja. Hata la yule wa Msanzi ninalo, ingawa alilitaja mara moja tu. Siyaandiki hapa kwa sababu wote wangali hai na wengine bado hatujasalimiana vizuri. Ila asije mtu akasema bibi hakuandika majina kwa kuwa amesahau. Maneno ya namna hiyo, kwamba bibi amezeeka, bibi apumzike, ndiyo yaliyowakusanya watu pale.

Gari lenyewe ni kirikuu, hivi vigari vidogo vya mizigo ambavyo injini zake ziko chini ya viti. Tulilinunua kwa ng'ombe alioniachia marehemu. Nilisema mimi ng'ombe wauzwe, nikasema mimi linunuliwe gari, na nikasema mimi ataliendesha binti yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa na leseni na hamu. Tunashuka Kirando, kule ziwani, na mahindi, maharage na unga wa ulezi, tunapanda na dagaa. Yeye anashika usukani, mimi nakaa pembeni yake. Anajua gari, mimi najua watu. Ukifika ufukweni humjui mtu unauziwa dagaa nusu mchanga. Mimi namwita mama wa watu kwa jina la bibi yake mzaa mama, namuuliza mguu wake umeponaje, na mchanga wake anautafutia mteja mwingine.

Adui yetu ni ukungu. Asiyekaa huku juu anadhani ukungu ni kitu cha kupiga picha. Masika yakishika, alfajiri ukitoka Sumbawanga kuelekea Namanyere unakuta barabara imefunikwa kama mtu amemwaga uji. Ukiwasha taa kubwa umejiharibia kabisa, mwanga unagonga ukungu unakurudia machoni. Siku moja tulibakiza kidogo tuingie kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Niliona pembe kwanza, ng'ombe baadaye. Binti yangu alikanyaga breki hadi kilo zote za maharage zikahamia mgongoni kwetu. Mwenye mkokoteni alitutukana kwa Kifipa kilichonyooka, nami nikamjibu kwa hichohicho, mpaka nikaitambua sauti yake. Nilikuwa nimesali jumuiya moja na mama yake. Tukaachana kwa amani, lakini binti yangu hakuvuka gia ya pili mpaka Namanyere.

Mkwe wangu aliposikia alinunua taa za ukungu duka la spea, mbili, za njano, akaja kutufungia. Hapo inabidi nieleze. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hanishiki mkono, hali nami sahani moja, hapiti nyuma yangu nikiwa nimekaa, na mahali nilipokalia yeye hakai wala hapashiki. Akija ananisalimu kwa mbali amechuchumaa, uso kautazamisha pengine: "Shikamoo mama." Mimi najibu marahaba huku natazama kuku. Tukiwa na la kuambiana, binti yangu anakuwa katikati.

"Mwambie mumeo chai ipo."

"Mwambie mama nashukuru, nimalize kwanza."

Na wote watatu tuko mahali pamoja, tunasikiana vizuri kabisa.

Basi siku ya kufunga taa nikaingia ndani nikamwachia uwanja. Alizifunga chini ya bampa, akaweka swichi karibu na usukani, akaweka na fyuzi na kile kidude wanachokiita relei, kinachopokea amri ya swichi na kupeleka umeme kwenye taa. Zilipowaka, ukuta wa jiko langu ukawa wa njano. Wiki za mwanzo tulishuka Kirando kama wafalme. Ukungu ukija binti yangu anabonyeza, na barabara unaiona pale chini, mbele ya magurudumu, unapopahitaji.

Kisha zikaanza visa. Tunaingia kwenye ukungu, anabonyeza, hakuna kitu. Anabonyeza tena, hakuna. Tunasimama kando, anashuka, anapiga bampa teke, anarudi amelowa nywele. Mimi nimejifunika kitenge, sishuki, baridi ya huku si ya kuchezea. Tunakaa hapohapo mpaka jua lifukuze ukungu, na tukifika Kirando wenzetu wamekwisha chukua dagaa wazuri, tunabakiziwa chenga.

Mkwe wangu hakulala kwenye tatizo lile, nampa haki yake. Alibadilisha fyuzi ingawa ya zamani ilikuwa nzima. Alibadilisha relei. Alibadilisha globu. Akasugua kwa msasa pale kwenye bampa, akisema pengine kutu inazuia umeme. Kila alichofanya, akiwasha hapa nyumbani, zinawaka. Sisi tukienda, zinazimika. Akaamua kulijaribu gari barabarani yeye mwenyewe na mkewe. Mkewe akashika usukani. Na yeye je? Kiti kilichobaki ni changu, juu yake pana mto wangu wa kitenge. Mkwe wangu akapanda nyuma kwenye mizigo, akasimama ameshika chuma, akawa anachungulia taa kwa juu ya paa. Walipita hivyo katikati ya mji. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele: "Fundi! Mkeo amekununua mnadani?" Taa ziliwaka njia nzima, wakaenda mpaka mbali, wakarudi, zinawaka tu.

"Mwambie mama taa ni nzima," akasema.

"Mwambie mumeo labda ukungu ndio mbovu," nikasema, maana na mimi nilikuwa nimeanza kuchoka.

Safari iliyofuata, zikazimika.

Habari zikamfikia mwanangu shuleni kwake. Mwalimu mwenzake alipita na basi akatuona tumesimama kando ya barabara, mimi nimejikunyata kwenye kiti. Inaelekea alimsimulia kama mtu aliyekuta mzigo uliodondoka. Jumapili baada ya Misa mwanangu akaja, na yule wa Msanzi, na shangazi yake, yaani wifi yangu, ili ukoo uwepo. Binti yangu na mumewe walikuwepo tayari, wameinamia bampa kama kawaida yao.

Mwanangu hakuzunguka. "Mama, gari hili ni mali ya baba."

"Ng'ombe walikuwa mali ya baba yako," nikamwambia. "Gari hajawahi kuliona."

"Limeshindikana. Taa haziwaki, fundi ni mtu wa ndani na bado ameshindwa. Watu wananiuliza mama yangu anatafuta nini barabarani alfajiri, kwamba mimi simlishi? Huyu mzee analichukua leo. Wewe upumzike. Na dada atafute biashara ya kukaa chini."

"Ya kukaa chini unaitaka wewe," binti yangu akasema. "Kaka, lini umeona nimekuja kwako kuomba chumvi?"

"Sibishani na wewe. Funguo ziko wapi?"

Funguo zilikuwa kwenye gari. Yule wa Msanzi alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha dereva, tumbo limegusa usukani, anabonyeza hiki na kile. Akabonyeza swichi ya taa za ukungu. Zikawaka, zote mbili, safi.

"Mbona nzima hizi?" akasema.

Mwanangu akamgeukia dada yake. "Kwa hiyo ama gari linaongopa, ama dereva anaongopa. Unasimamishaga gari barabarani kufanya nini?"

Hilo neno lilinichoma. Mtoto wangu wa kike, ambaye nimekaa naye kwenye ukungu nikisikia meno yake yanavyogongana, leo anaitwa mwongo mbele ya mnunuzi. Wifi yangu naye akatia lake. "Mimi nilisema tangu zamani, mwanamke na usukani, na ajuza pembeni, gari gani litavumilia?"

Nikainuka kwenye mkeka. Nikalizunguka gari, nikafungua mlango wa upande wangu, nikapanda, nikaketi kwenye mto wangu, nikafunga mlango.

"Haya," nikamwambia yule aliyeshika usukani. "Mnunuzi, si umelipenda? Lichukue. Ila mimi nimo ndani, sishuki. Utaenda kunishusha mbele ya mkeo huko Msanzi, umweleze mwenyewe nani huyu."

Yule mwanamume akacheka. "Bibi, shikamoo! Mke wangu ni mkali kuliko wewe."

"Marahaba. Nitampenda."

"Mama, shuka," mwanangu akasema. "Unatuaibisha."

"Anayeuza gari lenye mamaye ndani ndiye mwenye aibu."

Tukawa tunajibizana hivyo, yeye nje, mimi ndani, na sauti zinapanda. Ghafla mkwe wangu, ambaye alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa muda wote ule akijifanya hasikii ugomvi wa wakwe, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Zimezimika!"

Wote wakageukia bampa.

"Swichi umegusa?" akamuuliza mnunuzi.

"Sijagusa. Mikono yangu hii hapa."

Mkwe wangu akaangalia taa, akaangalia chini, akatafuta maneno. "Mama watoto. Mwombe mama ashuke kidogo."

"Mwambie mumeo sishuki," nikasema. "Ni ujanja wa kunitoa."

"Mama, shuka mara moja tu, utapanda tena," binti yangu akasema, na niliona macho yake yamebadilika. Nikashuka. Taa zikawaka. Nikapanda. Zikazimika. Nikashuka nikapanda, waka zima, waka zima, mpaka yule wa Msanzi akajishika mbavu kwa kicheko. "Ndugu yangu," akamwambia mwanangu, "gari halina ubovu. Swichi yake ndiyo bibi huyu!"

Hata wifi yangu alicheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwanangu hakucheka. "Basi jawabu limepatikana," akasema. "Mama asipande tena. Gari zima, taa nzima, kila mtu abaki na chake."

Hapo ndipo nilipoogopa. Ukungu haujawahi kunitia hofu ile. Alivyosema vile, kwa upole, kama mtu aliyepata suluhisho la hesabu, niliona mikono ya waliobaki inalegea. Hata binti yangu aliutazama usukani. Lilikuwa jambo rahisi kabisa: gari liendelee, bibi abaki na kuku. Nani angepinga? Na mimi nilijua nikikubali kushuka kwenye kiti kile siku hiyo, nitakuwa nimeshuka moja kwa moja. Kirando nitaisikia kwa kusimuliwa.

"Tatizo si mimi," nikasema. "Tatizo liko chini yangu. Kiti kiinuliwe."

Kila mtu pale alijua ni nani mwenye mikono ya kuinua kile kiti na kujua anachokiona. Na kila mtu alijua kwa nini hatakiinua. Mkwe wangu alikuwa ameangalia vidole vya miguu yake.

Binti yangu akamsogelea. "Baba watoto, siku ile ya kufunga, upande wa mama ulipitishaje waya?"

Akajibu kwa sauti ndogo. "Niliusukuma kwa fimbo kutoka upande wako. Kiungo cha waya nilikifungia huku, nikakisukuma nacho. Kiti sikukiinua. Mto wa mama ulikuwepo."

Mnaelewa? Mtu hodari, anayefungua magari ya wakubwa wa mji, alifunga umeme kwa kubahatisha chini ya kiti kimoja tu duniani, kwa sababu ya makalio ya mama mkwe wake. Na alipotafuta ubovu alitafuta gari zima, mbele na nyuma, isipokuwa hapo. Wala simcheki. Angefanya vinginevyo, mimi mwenyewe ningesema binti yangu ameolewa na mtu asiyefunzwa.

Mwanangu akasema ataitwa fundi mwingine, siku nyingine, na kwa sasa gari liondoke na mzee wa Msanzi likatengenezwe huko. Wifi yangu akaitikia kwa kichwa. Nikaona naporwa mchana kweupe kwa njia ya adabu.

Nikafungua mlango, nikashuka, nikautoa ule mto kwa mikono yangu, nikautupa kwenye mkeka. Kisha nikafanya ambalo sijalifanya tangu binti yangu aolewe. Nikamgeukia yule kijana, nikamtazama usoni, nikamwita mwenyewe bila mtu katikati.

"Mkwe. Njoo uinue kiti hiki."

"Wifi!" dada wa marehemu akaruka. "Una wazimu? Kaka yangu yumo kaburini anasikia!"

"Na asikie. Hata yeye alipanda baiskeli aliyokalia mama yangu, siku mama alipougua akakimbizwa zahanati. Hakuna aliyemwita mwendawazimu."

"Ile ilikuwa ugonjwa!"

"Na huu wizi. Mkwe, nimekwambia njoo. Ukikataa utakuwa umenivunjia heshima mara mbili ya kukigusa."

Akaja. Aliinua kiti kama mtu anayefunua chungu cha moto, uso ameugeuzia upande, mpaka binti yangu akamwambia, "Sasa utaonaje bila kutazama, baba watoto?" Akatazama. Harufu tuliisikia wote, harufu ya plastiki iliyoungua. Kile kiungo kilikuwa cha waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Ulikuwa umesokotwa tu na kuzungushiwa tepu, na chuma cha kiti kilikuwa kimeulalia. Wiki za mwanzo tepu ilishikilia; ilipolegea, nikikaa chuma kinashuka, kinauvuta, unaachana. Nikiinuka unarudi kugusana. Tepu ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, na upande wa chini wa kiti ulikuwa na doa la kuungua ukubwa wa kiganja.

Nikamwonyesha wifi yangu lile doa. "Unaiona? Hiyo heshima unayoililia ilikuwa inanichoma makalio polepole."

Hakujibu. Ni mara ya kwanza.

Mkwe wangu alikata sehemu iliyoungua, akaweka waya mpya mnene, akaufunga kwa boliti kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa, akaupitisha pembeni ambako kiti hakifiki. Kisha ikabidi kujaribu. Nikapanda, safari hii bila mto, kwenye kiti alichokishika yeye kila mahali. Nilijiinua, nikajibwaga kwa nguvu, nikajitikisa kulia na kushoto kama mtu anayecheza ngoma. Taa hazikupepesa. Binti yangu alipiga vigelegele, jirani wakatokeza vichwa juu ya uzio wakidhani kuna posa.

Yule wa Msanzi akashuka polepole. "Mwalimu," akamwambia mwanangu, "mimi nilikuja kununua gari bovu la ajuza mgonjwa. Hapa sioni gari bovu, na ajuza huyu atanizika." Akaniaga vizuri, akaomba maji, akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta basi.

Mwanangu alibaki amesimama. "Hata kama taa zimepona, mama, wewe umezeeka," akasema.

"Nimezeeka. Na Jumanne nashuka Kirando. Yote mawili ni kweli."

"Likitokea la kutokea?"

"Litanikuta nimekaa kwenye kiti changu. Wewe njoo unisalimie tukirudi, utapata dagaa."

Alizichomoa funguo garini, akampa dada yake. Hakumwomba radhi kwa lile neno la uongo, na binti yangu hakusahau, wala mimi. Lakini alimpa mkononi, hakuzirusha.

Jumanne tuliondoka alfajiri. Ukungu tuliukuta mapema, mzito kuliko siku zote, hata nguzo za umeme hazionekani. Binti yangu alinitazama kabla ya kubonyeza. Nikamwambia abonyeze, mimi nimekaa hasa. Barabara ikajitokeza pale chini, ya njano, na kokoto zake na vidimbwi vyake, tukaifuata taratibu. Tulifika Kirando vyombo ndiyo kwanza vinatoa dagaa. Nilishuka nikaita watu kwa majina.

Wifi yangu amesema kwa watu kwamba nimevunja mila. Nimevunja ile moja, na ningeivunja tena kesho kwa ajili ya kiti kile. Mkwe wangu bado ananisalimu amechuchumaa, na mimi bado natazama kuku, tumeyarudisha yote mahali pake isipokuwa mto; huo nimeukataa, nauona una joto.

Ndivyo nilivyoyashika. Kama ulikuwa uani pale, au ulichungulia juu ya uzio, na unakumbuka kwamba kiti aliinua binti yangu kwanza, au kwamba wifi alisema neno nisiloliandika, au kwamba safari ile ilikuwa Jumatano, njoo unisahihishe, nitakukaribisha na nitasikiliza. Sitakuwa nyumbani alfajiri. Pita mchana.